Nguo unayompa mkimbizi, umeifua?

Leo tuzungumze jambo ambalo mara nyingi huachiwa mimbari na vikao vya michango, na bwana afya haitwi kabisa. Nalo ni misaada tunayowakusanyia watu waliokimbia vita. Sisi wa Mbeya na Iringa si watu wa mpakani kama ndugu zetu wa Kigoma na Ngara, ambao huamka asubuhi wakakuta wageni wamejaa uwanjani. Sisi huwa ni watu wa kuchanga. Tunasikia redioni kwamba watu wamekimbia, Ijumaa shehe anatangaza, na ikifika Jumapili ghala la msikiti limejaa. Swali langu kwako ni hili: ndani ya hayo marobota mna nini?

Nitaanza na kosa letu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vita vya Kongo vilipopamba moto na watu wakawa wanavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi kuingia Kigoma, msikiti mmoja hapa Mbeya ulitangaza mchango. Sitautaja, kwani baadhi ya wahusika wapo hai na nia yao ilikuwa njema. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kupokea na kufunga. Ilikuwa mwezi wa pili, na mvua za Mbeya mnazijua. Watu waliitika vizuri mno. Zililetwa nguo, mablanketi, viatu, makopo ya maziwa ya unga, na mifuko ya plastiki yenye dawa zilizobaki nyumbani baada ya wagonjwa kupona au kufa. Tukashindilia kila kitu katika viroba, tukasubiri lori. Lori likachelewa wiki tatu.

Siku ya kupakia, kiroba cha kwanza kilipoinuliwa kilitoa harufu iliyotufanya tutazamane. Tukafungua. Nguo zilikuwa zimeota ukungu, na katika mishono ya blanketi moja la sufu kijana mmoja akatuonyesha chawa wanatembea. Dawa zilikuwa zimelowa, maandishi yamefutika. Viatu vingine vilikuwa vya mguu mmoja. Karibu nusu ya mchango ule tuliuchoma moto nyuma ya msikiti, mbele ya watu waliokuwa wameutoa. Sina haja ya kukueleza fedheha yake. Na mimi ndiye niliyekuwa na mafunzo ya afya katika kundi lile, lakini siku zote za kupokea sikuuliza hata mtu mmoja kama nguo yake imefuliwa. Niliona haya. Utamuulizaje mtu anayetoa sadaka?

Miaka imepita, na sasa nauliza bila haya, kwa sababu nimejifunza chawa wale wangeweza kufanya nini.

Ndugu msomaji, vita huua kwa njia mbili. Ya kwanza ni risasi na panga, ambayo ndiyo tunaisikia redioni. Ya pili ni njaa na maradhi, nayo mara nyingi huchukua watu wengi kuliko ile ya kwanza. Nyanda zetu hizi za Juu Kusini zinalijua hilo. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilipofika Ungoni na Ubena, Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, na waliokufa kwa njaa na maradhi baada ya mapigano walikuwa wengi kupita waliouawa vitani. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi kupita katika nchi hizi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliangamizwa na kuhara damu, homa na uchovu.

Lakini mfano ninaotaka uushike zaidi ni wa jirani zetu wa Burundi, kwa sababu nchi yao ya milimani inafanana na yetu. Vita vya Burundi vilianza mwaka 1993. Ilipofika 1996 na 1997 watu wengi walikuwa wamekusanywa makambini huko milimani, katika baridi, nguo ni zile zile walizotoka nazo nyumbani, sabuni hakuna. Ukazuka ugonjwa ambao wenyeji waliuita sutama. Msikilizaji wa Kiswahili ataliona neno hilo si geni, ni ndugu wa kuchutama. Waliuita hivyo kwa sababu maumivu ya misuli yalimfanya mgonjwa ajikunyate, asiweze kusimama wima.

Wataalamu walipochunguza walikuta ni homa ya chawa, ambayo kitaalamu huitwa taifasi. Tafadhali usiichanganye na taifodi, ambayo hapa Mbeya kila mwenye homa huambiwa anayo. Taifodi huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Taifasi huletwa na chawa wa nguo. Katika mwaka 1997 peke yake waliohesabiwa kuugua Burundi walipita 45,000, na wengi walikuwa katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Sasa pima mwenyewe: Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Mbeya iko kwenye 1,700 hivi, na Njombe inakaribia 2,000.

Kwa nini milimani? Kwa sababu ya baridi. Mtu wa pwani huvaa shuka moja, huoga mara mbili kwa siku, nguo yake hukauka kwa saa moja. Mtu wa Makete au Mufindi mwezi wa saba huvaa fulana, sweta na koti, hulala nayo, na familia nzima hujibana chini ya blanketi moja. Chawa wa nguo anapenda hivyo hivyo. Yeye haishi kwenye nywele kama yule wa kichwani. Huishi katika mishono na mikunjo ya nguo, hutaga mayai humo humo, na hutoka mara chache kwa siku kwenda kunyonya damu ya aliyeivaa. Mgonjwa wa taifasi akipata homa kali, au akifa, chawa hulikimbia joto au ubaridi ule na kuhamia kwa aliyelala pembeni. Mdudu mwenyewe haambukizi kwa kuuma. Huambukiza kwa kinyesi chake, ambacho mtu hukisugua ndani ya ngozi anapojikuna.

Dalili zake ni homa ya juu inayokuja ghafla, kichwa kuuma sana, mwili wote kuuma, na baada ya siku chache vipele vinavyoanzia kifuani na tumboni. Wengine huchanganyikiwa. Jambo la kushukuru ni kwamba ikitambuliwa mapema inatibika kwa dawa ya bei nafuu, doksisaiklini, na huko Burundi dozi moja tu ya miligramu 200 ilitumika. Hiyo ni kazi ya mganga wa kituo, usikimbilie duka la dawa. Lakini dawa haimalizi mlipuko kama nguo zimebaki na chawa.

Nisieleweke vibaya. Si kila chawa ana taifasi, na sisemi kwamba wale wa blanketi letu walikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunapeleka wadudu katika mahali ambapo watu wamebanana, hawana maji ya kufulia wala nguo ya kubadili. Anayetaka kuwasha moto hahitaji zaidi ya hapo.

Katika mkoa wa Iringa kuna mahali ambapo jambo hili lina historia yake, ingawa wapitao barabara kuu kwenda Mbeya hawajui. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ifunda palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Nyingine ilikuwa Kidugala, katika kituo cha zamani cha misheni ya Kijerumani, sehemu ambayo sasa iko mkoa wa Njombe. Kubwa kuliko zote katika nchi yetu ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Waliokaa humo wengi walikuwa kina mama na watoto, tena Wazungu, jambo ambalo wazee wetu lazima liliwashangaza, kuona Mzungu hana kwao.

Walifikaje? Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwachukua kwa nguvu Wapolandi wengi na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 waliobaki hai waliruhusiwa kuondoka, wakavushwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi nchini Iran, ambayo leo huitwa Bandar Anzali. Wanajeshi na raia kwa pamoja walizidi 110,000. Walishuka melini wamekonda, wanaharisha, na wamejaa chawa. Taifasi ilikuwa miongoni mwao.

Sasa tazama walivyopokewa. Pale ufukweni pwani iligawanywa mara mbili, upande wa waliochafuka na upande wa waliosafishwa. Kila aliyeshuka alivua nguo zote, zikachomwa. Nywele zilinyolewa, wanaume kwa wanawake. Wakaoga kwa maji moto na sabuni, wakapewa nguo safi, na ndipo wakavushwa upande wa pili. Wenyeji wa Iran, Waislamu, waliwaletea chakula, na mji wa Isfahan ukawachukua watoto wengi mayatima. Hata hivyo zaidi ya watu 2,000 walifia Iran. Waliosalia wakasafirishwa kwa meli kuja Bara Hindi na Afrika, na karibu 18,000 hadi 19,000 waligawanywa katika makambi ya Afrika Mashariki na Kusini. Mamia yao wakaishia Ifunda na Kidugala hadi vita vilipokwisha na miaka michache baadaye. Walijengewa, wakachimbiwa vyoo, wakalimiwa chakula, na mikono iliyofanya kazi hizo ngumu ilikuwa ya wenyeji, ingawa majina yao hayakuandikwa popote. Baadaye Ifunda pakawa na shule ya ufundi ambayo wengi wenu mnaijua. Makaburi ya Wapolandi bado yapo.

Huwa nawaza jambo moja ninapopita Ifunda. Kama nguo zile zisingechomwa Pahlevi, watu wale wangeshuka pwani ya Tanganyika na chawa wao, wangepanda malori kuja katika baridi ya Uhehe, na homa ya chawa ingeweza kupata makao mapya kwetu. Kazi ya usafi iliyofanyika ufukweni kwa watu wengine ilitukinga sisi pia.

Basi turudi kwenye kiroba chako. Nguo ya kumpa mtu ifuliwe kwa maji ya moto, si ya vuguvugu. Maji ambayo mkono hauwezi kuyavumilia ndiyo yanayoua chawa na mayai yake, na nguo iloweshwe humo kwa nusu saa. Anika juani hadi ikauke kabisa, maana nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye plastiki itaota ukungu kama zetu. Kisha piga pasi, na pasi ya mkaa inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu ya uzito na joto lake. Pitisha polepole juu ya mishono, hasa kwapani, kiunoni na kwenye kola. Blanketi la sufu ambalo haliwezi kuchemshwa lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kando wiki mbili. Chawa wa nguo asiponyonya damu hafikishi hata siku 10, na watakaoanguliwa humo nao watakufa njaa. Na nguo iliyochanika, chupi iliyotumika, kiatu cha mguu mmoja, vibaki kwako. Kama wewe usingemvalisha mwanao, kwa nini unamvalisha wa mwenzako?

Kuna bibi mmoja wa Mwanjelwa ambaye katika mchango wetu ule hakuleta nguo. Alileta miche 6 ya sabuni. Kijana aliyekuwa akiandika orodha aliuliza, "Bibi, hii ndiyo sadaka?" Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, nimekimbia mafuriko ya Kyela na watoto wanne. Nguo nilipewa. Ya kuzifulia sikupewa." Sabuni yake ni miongoni mwa vitu vichache vilivyofika Kigoma vikiwa na faida.

Hesabu ya sabuni inajulikana. Vipimo vinavyotumika duniani katika misaada ya dharura vinasema mtu mmoja anahitaji gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Familia ya watu 6 inahitaji karibu kilo 3. Tani moja ya sabuni, mzigo ambao lori dogo linabeba, inatosha watu 2,200 kwa mwezi mzima. Linganisha na tani moja ya mitumba uone ipi inazuia maradhi mengi. Sabuni haina saizi, haiozi, haina chawa, na mpokeaji haoni aibu kuipokea.

Na mkono ulionawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula ndio ukuta wa kwanza wa kipindupindu. Hapa hatuzungumzi mambo ya mbali. Mwezi wa tano mwaka 2015, Warundi walikimbia machafuko ya kwao na kufurika Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Hakuna barabara ya gari kufika pale. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni, wakinywa maji ya ziwa na kujisaidia pembeni yake, huku meli kongwe ya Liemba ikiwachukua mamia kwa safari kuwapeleka Kigoma mjini. Kufikia tarehe 22 ya mwezi ule wagonjwa wa kipindupindu na kuharisha kukali walikuwa 3,000, na waliokufa 31. Wawili kati yao hawakuwa wakimbizi. Walikuwa Watanzania, wenyeji waliowapokea.

Goma mwaka 1994 ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Katika mwezi wa kwanza baada ya Wanyarwanda kumiminika huko mwezi wa saba, inakadiriwa watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano, haichimbiki choo wala kaburi kwa jembe. Vita vilivyorudi Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025 viliwakuta tena watu makambini, na kipindupindu nacho hakikuwa mbali.

Ndiyo maana nasema ndoo yenye mfuniko na bomba ni msaada. Dumu la lita 20 ni msaada. Jembe na sururu la kuchimbia choo ni msaada, ingawa sijapata kuona mtu akileta sururu msikitini. Kila mtu anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha. Choo kimoja kisizidi watu 20, au 50 katika siku za mwanzo za msukosuko, na kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia penye maji, njiani na kwenye kivuli watu wanapopumzikia, na ukiyatazama makambi utaona hayo ndiyo maeneo matatu yanayoharibika kwanza.

Kuhusu maji ya kunywa, kuna jambo dogo la kwetu. Milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatosha kabisa kuua vijidudu, lakini usiepue mara tu yanapoanza kutoa mapovu madogo. Yaache yatokote dakika moja, na ukiwa Makete au Kitulo yaache dakika tatu. Anayeharisha maji maji apewe dawa ya chumvichumvi ya pakiti, na ikikosekana changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Mpeleke kituoni huku ukimnywesha njiani.

Nimegusa makopo ya maziwa na dawa, na najua yatawaudhi baadhi ya wasomaji kwa kuwa hutolewa kwa huruma kubwa. Maziwa ya unga ya watoto wachanga usiyapeleke. Yanataka maji safi, chupa iliyochemshwa na kuni za kuchemshia, na vyote hivyo mama aliyekimbia hana. Mtoto aliyekuwa ananyonya akipewa chupa, maziwa ya mama hupungua, na kopo likiisha hana pa kurudi. Mlishe mama. Mchele, karanga, dagaa na mafuta yatamfikia mtoto kupitia kifuani kwake. Kama kuna yatima asiye na mnyonyeshaji, waachie wauguzi wa kambini waamue.

Dawa zilizobaki nyumbani ndiyo usizipeleke kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishaweka mwongozo tangu mwaka 1996 kwamba dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika, na iwe ni ile iliyoombwa. Kifuko chenye vidonge vitano vyeupe na vitatu vya njano hakimsaidii daktari yeyote. Kinamwongezea kazi ya kukiteketeza.

Maharage nayo yana neno. Tunayo mengi na mazuri, lakini hukaa jikoni saa mbili au tatu, na kambini kuni ni shida. Mama huzifuata porini, na huko porini wengine wamekutana na mabaya. Ukipeleka maharage, peleka na maneno: yaloweshwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, ndipo yapikwe. Au peleka mchele wa Kyela.

Sasa kina baba mnivumilie kidogo. Katika orodha za michango zinazoandikwa na wanaume sijaona vitambaa vya hedhi. Mwanamke aliyekimbia usiku hakuchukua vyake. Vitambaa laini vya pamba vya rangi ya giza, chupi mpya, ndoo ndogo yenye mfuniko ya kuloweshea, sabuni, na kanga mbili. Akikosa hivi hatoki kwenye hema, hapangi foleni ya maji wala ya chakula, na wengine hutumia matambara machafu wakapata maradhi. Mpeni kazi hii mkuu wa kina mama wa msikiti, afunge vifurushi na kuvikabidhi kwa wanawake wenzake.

Huenda pia mkimbizi asiwe kambini, awe mlangoni kwako. Wapo wenye ndugu waliotoka Kongo, wakapitia Zambia na kuingia Tunduma. Utaratibu wa serikali upo, wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na mgeni ajiandikishe kwa mamlaka, asifichwe. Lakini usiku ule wa kwanza ni wako. Mpe maji ya moto ya kuoga, nguo za kubadili, na alizokuja nazo zitie katika maji yanayochemka. Fanya hivyo kwa heshima, mwambie unampumzishia nguo za safari. Chawa si tabia ya mtu, ni dalili kwamba alinyimwa maji na sabuni. Watoto wake wapelekwe kliniki wachanjwe surua upesi, kwa kuwa surua husambaa haraka sana kwenye msongamano na huua watoto waliodhoofu. Na mgeni akiumwa usishangae. Hata Muhajirina walipofika Madina mwaka 622, Abu Bakr na Bilal (r.a.) walishikwa na homa kali, na wenyeji hawakuwatupa nje.

Mkitaka kutuma mzigo Nyarugusu, kambi ya Wakongo iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, msipakie lori kwanza ndipo muulize. Kambini haingii mtu wala mzigo bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Andikeni barua, mtaje mlicho nacho, muulize kinachotakiwa. Njia ya Tunduma, Sumbawanga, Mpanda hadi Kasulu ni ndefu, na mara nyingi ni nafuu kutuma fedha ikanunuliwa sabuni huko huko, na wauza maduka wa Kasulu nao wakapata riziki. Wasiopenda kutoa fedha kwa kuogopa wajanja nawaelewa. Dai stakabadhi, na chagua watu wawili wasio na undugu waende na mzigo.

Sisi tulijaribu tena mwaka uliofuata. Safari hii tuliweka meza mbili mlangoni mwa ghala, moja ya kupokea na moja ya kukagua, na nyuma ya msikiti kina mama waliwasha mapipa mawili ya maji. Aliyeleta nguo chafu hakufukuzwa, ilichukuliwa ikafuliwa. Marobota yalipungua kufikia theluthi ya yale ya kwanza. Juu ya kila moja tuliandika kwa wino usiofutika: nguo za watoto, miaka 5 hadi 10, zimefuliwa na kupigwa pasi, na tarehe. Ndugu aliyekwenda na lori alituambia kwamba mtunza ghala kule aliyasoma maandishi yale mara mbili, kisha akayaingiza ndani. Mengine yote ya siku ile aliamuru yafunguliwe nje kwanza.